Walikuja Kunililia Jumapili

Katika mji wetu wa Lubumbashi, ukiwasha redio ukasikia violini badala ya gitaa, hushangilii. Unauliza nani amekufa. Ndivyo tulivyolelewa. Zamani za Zaire, mkubwa akifa kule Kinshasa, redio iliondoa nyimbo zote za kucheza ikaweka musique classique kutwa nzima, na baba zetu wakakaa wakitazamana mpaka jina litangazwe. Hata leo kijana asiyejua Zaire ilikuwa kitu gani, akisikia vyombo vya nyuzi, anakunja uso na kumtazama mama yake.

Sasa huo ndio muziki niliouchagua mimi, Mado, kuwa kazi ya maisha yangu. Mungu naye ana mizaha.

Violini nilifundishwa na Sista Agnès, mtawa mwenye vidole vifupi na hasira ndefu. Nilikwenda Ubelgiji kusoma, nikapata kiti katika okestra, safu ya mwisho ya violini za pili, mahali ambapo hata ukikosea ni wewe na jirani yako tu mnaojua. Sikukosea. Baridi na upweke vikanirudisha nyumbani, nikidhani upweke ni mali ya Ulaya. Nikaandika tasnifu nene juu ya nyimbo za msiba za wanawake wa Pweto, kando ya ziwa. Nilikaa kule ziwani misimu miwili, nikarudi nanukia samaki mkavu hadi kwenye mfuko wa violini. Tasnifu iko maktaba. Aliyewahi kuiazima ni mimi.

Nikafundisha. Nimefundisha watoto wa mji huu kushika upinde hadi nywele zikawa nyeupe. Mwanafunzi wangu bora, Damien, sasa anapiga kinanda cha umeme katika kanisa moja la uamsho, na siku moja aliniambia usoni kwamba violini haina volume. Mume wangu alikufa mapema, watoto hatukupata. Kikabaki kipindi changu cha redio, Jumapili saa kumi alasiri, katika redio ndogo ya mtaani: ninapiga muziki, ninaeleza nani aliutunga, alikuwa na shida gani, na msikilizaji atege sikio wapi. Baada yangu, saa kumi na moja, husomwa matangazo ya vifo.

Saa ile moja ndiyo niliyokuwa nayo. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi niliweza kukaa katika nyumba yangu ya Annexe, pembezoni mwa mji, bila kufungua mdomo, isipokuwa kumwambia muuza makaa kwamba bei yake ni wizi. Jumapili nilisema na mji mzima. Kama mji haukujibu, angalau haukuniambia ninyamaze.

Kisha mkurugenzi, Ruphin, akaniita ofisini. Ruphin ni kijana mwenye heshima, ile heshima ya mtu anayekufungulia mlango ili utoke.

“Maman Mado, na respect yote,” alisema, “lakini bantu habasikilize. Saa yako yote, téléphone haiite hata mara moja. Kuko pasteur mumoja anataka ile heure, ile saa yako.”

“Bantu banasikiliza,” nilimjibu. “Muziki banasikiliza na masikio, hapana na téléphone.”

“Bon. Dimanche hii, ku saa kumi yako, tutaona. Kama bantu banaita, heure inabakia yako. Kama habaite, Maman, utanisamehe.”

Nilitoka pale na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Niliandaa kipindi kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nilichagua kwarteti, muziki wa vyombo vinne vya nyuzi, ninayoipenda kuliko zote, nikapanga maneno yangu, nikayasema mbele ya kioo. Niliamua hata kuwaomba wapige simu, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa sababu nina maringo yangu.

Alhamisi mafua yakanishika kooni. Ijumaa nilimpelekea fundi mitambo flash yenye muziki, kama ninavyofanya kila wiki ili aupime mapema. Fundi huyo ni mtu mzima mwenye watoto wanne, bado anaitwa Fils, yaani Mwana. Jumamosi umeme ukakatika mtaani, watu wakabaki na redio za betri. Jumapili nilipoamka sauti ilikuwa imekwisha. Nilifungua mdomo ikatoka hewa tu, na mwili wote ulikuwa moto.

Nilimpigia Fils kwa chaji ya mwisho iliyobaki kwenye simu.

“Fils,” nilinong'ona, “piga muziki. Ambia bantu niko mugonjwa.”

“Sawa, Maman. Usihangaike.”

Simu ikazimika. Nikameza dawa, nikafunga mlango kwa komeo, nikalala huku nalia, maana nilijua saa yangu imekwenda.

Nililosahau ni kwamba Fils hasemi kwenye maikrofoni. Anaipangusa vumbi, anaiunganisha, anairekebisha, ila kufungua mdomo mbele yake hawezi, hata kwa kutaja saa. Kwa hiyo saa kumi kamili alipiga kwarteti yangu. Ilipokwisha akapiga nyingine. Saa nzima mji ulisikia muziki wa msiba, na hakuna mtu aliyesema neno.

Niliamshwa na mayowe. Kabla sijafumbua macho nilijua ni mayowe gani: yale ya kwanza, ya mwanamke anayeingia langoni mwa wafiwa, yanayoanzia juu na kuporomoka. Nimeyaandikia sura nzima. Nikasema moyoni, maskini, ni kwa Olive.

Olive ni jirani yangu wa ng'ambo ya njia. Mume wake, Kambale, mtu wa Butembo, ana lori la kubeba maharage na vitunguu. Sisi mtaani tunamwita Olive Mama Bénit, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Tulikuwa tukipungiana mkono kila asubuhi kila mtu akiwa langoni kwake, na kwa miaka yote ile sikuwahi kuingia uani kwake, wala yeye kwangu. Yeye ana watu tele. Mimi nilidhani nina kazi.

Homa au si homa, msibani mtu huenda. Nikafunga kitambaa kichwani, nikavaa kitenge changu cheusi, nikatafuta viatu kwa kupapasa. Nilikuwa nimeshika komeo ndipo nikasikia kwamba sauti hazitoki ng'ambo ya njia. Zilikuwa uani kwangu.

“Njo maisha,” alisema mwanamume mmoja karibu kabisa na mlango. Nilimtambua: mzee Kasonde, anayelima mahindi nyuma ya ukuta wangu. “Mama alikuwa na maringo, lakini hakuibia muntu.”

“Nilijua,” mwanamke mmoja akasema. “Muziki yake inapita saa muzima, yeye haiko ndani. Nikaambia bwana yangu: ile ya leo hapana ya mukubwa wa Kinshasa. Ile ni ya Mama ya Redio mwenyewe.”

“Na téléphone yake haipite. Na mulango inafungwa tangu asubuhi.”

“Mama Mado!” Huyo alikuwa Olive, analia kweli. “Mama Mado, unatuacha na nani ku redio?”

Nikarudi nyuma nikaketi kitandani, nimevaa nguo za kujizika mwenyewe.

Mtu mwenye akili angefungua mlango papo hapo. Mimi nilikaa. Niseme ukweli: nilifurahi. Uani kwangu hapakuwahi kukanyagwa na miguu mingi kiasi kile tangu tulipomzika mume wangu. Nilisikia viti vya plastiki vikishushwa. Nilisikia mtu akiuliza kuni ziko wapi na mwingine akimjibu kwamba maji yameshatengwa. Walikuwa wananipikia chai ya msiba wangu, nami nina kiu.

Kisha sauti moja, siijui ya nani, ikauliza, “Na famille yake? Nani ataita famille?”

“Haina famille,” akajibu Kasonde.

Pakawa kimya. Nimekaa katika vyumba vya kimya miaka mingi, lakini hicho kilikuwa kizito kuliko vyote, kwa sababu kilikuwa na watu ndani yake, na wote walikuwa wananihesabia na hawapati mtu.

“Basi shiye bote hapa njo famille,” Olive akasema. “Kambale, enda kuleta bâche, ile turubai ya camion. Mvua inaweza kunyesha.”

Nikajifunika uso kwa kitambaa, nikalia bila sauti, maana sauti sikuwa nayo. Nje wanawake wakaanza kuimba. Mmoja alianza chini mno, wa pili akaupandisha wimbo, wengine wakaingia. Mimi mwenye tasnifu nene nikajiona natikisa kichwa kwamba yule wa tatu ameingia mapema mno. Halafu nikaacha kutikisa. Nilikuwa nimesikia nyimbo za namna ile kwa mamia, kwenye kanda na ziwani, na zote ziliimbwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Sijui ningekaa vile mpaka lini. Kilichonitoa ni nyundo. Mlango ulifungwa kwa ndani, nao walikuwa wakimngoja chef wa avenue, mkuu wa barabara yetu, aje ashuhudie ukivunjwa. Nikamsikia akifika, akitoa rambirambi, akiagiza watu wasogee. Mlango ule ni wa mbao ngumu, mume wangu aliuchonga mwenyewe. Nikasimama nikafungua komeo.

Mwanamke wa mbele alipiga ukelele ambao hakuna nota zinazoweza kuuandika. Viti vikaanguka. Kambale, aliyekuwa juu ya ngazi akifunga turubai, aliachia kamba, na turubai lote likawashukia wazee waliokaa chini yake. Nikafungua mdomo niwaambie kwamba niko hai. Ikatoka hewa. Mdomo wa maiti unacheza na hausemi kitu: wanawake wawili wakakimbilia langoni, na chef wa avenue, nyundo mkononi, akatangulia mbele yao.

Ni Olive tu aliyesogea. Alikuja polepole, akanyoosha mkono, akanigusa shingoni kwa vidole.

“Iko na joto!” akapaza sauti. “Mama iko na joto! Iko muzima!”

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kasonde, aliyetolewa chini ya turubai, alikuja kunipa mkono akaniambia kwamba yale ya maringo alikuwa anatania. Mtu akaniwekea kikombe cha chai mkononi. Niliwaeleza kwa ishara: koo, redio, Fils. Walielewa, wakacheka tena, wakamtukana Fils kwa upendo. Wazee wakasema nitaishi miaka mingi, kwa sababu kifo kimekuja kikaona aibu.

Halafu wakaanza kukunja viti.

Kilio cha mtu aliyekufa kweli, huku kwetu, ni siku na usiku kadhaa. Watu wanalala uani, wanapika bukari, ugali wetu, kwenye masufuria makubwa, wanagombana, wanapatana, asubuhi wanafagia. Mimi, kwa kosa la kuwa hai, nilipewa jioni moja. Viti vilikuwa vya kanisa na vilitakiwa. Turubai lilikuwa la lori, na lori lilikuwa linakwenda mpakani Kasumbalesa alfajiri. Kila mmoja aliniaga vizuri.

“Mama, ulale sasa,” alisema Olive. “Utapona.”

Nilitaka kuwaambia wabaki. Sikuwa na sauti, na hata ningekuwa nayo, mimi niliyezoea kusema na mji mzima sijui ningeisemaje sentensi ile. Wakatoka. Kikabaki kikombe, jivu, na alama za miguu ya viti kwenye udongo mwekundu.

Umeme uliporudi nikachaji simu, ikaita papo hapo.

“Maman Mado, félicitations!” Alikuwa Ruphin, anakaribia kuimba. “Téléphone ya studio imeita mpaka imepata moto! Bantu ya Katuba, ya Kamalondo, mpaka batajiri ya Golf, bote banauliza nani alikufa! Heure inabakia!”

“Aksanti,” nilinong'ona.

“Maman, sikusikie. Bon, sikiliza weye tu. Tutaendelea vile vile. Muziki bila maneno, saa muzima, halafu communiqués ya vifo. Bantu banangoja, banaogopa, hakuna mwenye anazima redio. Kuko mumoja wa masanduku ya kuzikia anataka kutuunga mukono. Utapumzika, Maman. Umetumika kazi mingi.”

“Hapana,” nilinong'ona. “Ruphin, hapana. Hapana.”

“Allô? Allô? Réseau ni mbaya. Pole na ugonjwa, Maman.”

Sauti iliporudi, nilikwenda redioni kuitumia. Nilimwambia Ruphin kila kitu: kwamba muziki ule uliandikwa na watu waliokuwa hai, waliopenda, waliokula wakashiba, na kwamba kazi yangu yote, darasani na redioni, ilikuwa kuwaondolea watu wa mji huu ile hofu. Nilimwambia anafungua tena mlango nilioufunga kwa maisha yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana heshima, nimeshasema.

“Maman,” alisema kwa upole, “miaka yote uliwaeleza, hakuna muntu aliita. Dimanche moja unanyamaza, bote banakusikia. Niseme nini?”

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Nilidai muziki wangu. Akamwita Fils. Fils, akitazama viatu vyake, akasema muziki wote umo ndani ya mashine, wiki baada ya wiki, nimeuleta mimi mwenyewe. Aliniomba msamaha mara tatu. Nilimsamehe mara moja, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Jumapili iliyofuata, saa kumi, nilikuwa nimevaa nguo zangu za redio, na hereni. Niliketi sebuleni mikono mapajani. Muziki ukaanza. Sikuhitaji kuwasha kitu. Ulitoka kwa majirani wa kulia na wa kushoto na kwa Kasonde nyuma ya ukuta, kwarteti ileile. Nilikuwa nimeacha lango wazi. Nilijiambia ni kwa ajili ya hewa.

Hakuna aliyekuja. Na kwa nini waje? Wameshajua kwamba muziki bila Mama ya Redio maana yake si kifo, ni kipindi tu. Hapo nikashikwa na baridi. Mpaka wiki iliyopita, kama ningekufa chumbani peke yangu, mji ungejua Jumapili, kwa kuwa sauti yangu ingekosekana. Sasa nikifa Jumatatu, muziki wangu utapigwa kwa wakati wake, bila kosa, wiki baada ya wiki, na watu wataendelea kupika wakisema Mama iko. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa jukwaa lolote. Nilisimama kabla miguu haijabadili nia, nikavuka njia.

Olive alikuwa uani anachambua sombe, majani ya muhogo, redio juu ya dirisha nyuma yake. Aliponiona alitaka kuinuka.

“Mama! Kuko nini? Unagonjwa tena?”

“Hapana, Mama Bénit. Nimekuya kwikala tu.”

Alinitazama kidogo. Kisha akavuta kiti, akakipangusa kwa ncha ya kitenge chake, akakisogeza karibu na beseni. Nikaketi. Nilichukua tawi la majani nami nikaanza kuchambua, vibaya, na yeye hakunisahihisha. Kwarteti ilikuwa imefika sehemu ya polepole, pale ambapo sauti zote nne zinashuka mpaka karibu zizimike, na hapo ndipo kila Jumapili nilikuwa nikinyamaza ili watu wasikie. Nikafungua mdomo nimwambie. Koo lilikuwa bado bovu, na muziki ulikuwa juu ya sauti yangu.

“Unasema aje?” aliuliza.

Nikarudia. Hakusikia. Akafuta mikono, akanyoosha mkono nyuma yake, na katikati ya mahali palepale pazuri kuliko pote, akapunguza redio mpaka muziki wangu ukawa mnong'ono. Mwanafunzi angefanya hivyo mbele yangu, ningemtoa darasani kwa sikio. Sikumzuia.

“Sema, Mama,” aliniambia, akarudi kwenye majani yake. “Sasa niko nasikia.”